Horseshoe, de Chelly au Chaco: ubebe kamera kwenda korongo lipi?

Mdogo wangu anayeishi Phoenix alinipigia simu na swali moja. Amepata likizo ya siku 4, amenunua kamera yake ya kwanza ya maana, na anataka picha za magofu na michoro ya kale ya majangwa ya huku kusini-magharibi mwa Marekani. "Kaka, niende wapi?" Nikamtajia makorongo matatu: Horseshoe Canyon la Utah, Canyon de Chelly la Arizona na Chaco Canyon la New Mexico. Akanijibu, "Sasa ndiyo umenichanganya kabisa." Alikuwa na haki. Haya hapa ndiyo maelezo niliyopaswa kumpa siku ile.

Uzuri hautakusaidia kuchagua, maana yote matatu ni mazuri. Kwa mpiga picha, kinachoyatofautisha ni umbali kati yako na kitu unachokipiga. De Chelly unatazama ng'ambo ya bonde. Chaco unaingia hadi vyumbani. Horseshoe unasimama mbele ya ukuta, ana kwa ana na watu waliochorwa kwa ukubwa wa mtu mzima. Ukishalijua hilo, lenzi ya kubeba, saa ya kufika, na hata aina ya gari, vyote vinajipanga.

Canyon de Chelly: gofu liko kule, wewe uko huku

Kwanza jina. Linatamkwa "de shei", nalo limetokana na Tséyi', neno la Kinavajo lenye maana ya ndani ya mwamba, ambalo Wahispania walilisikia kwa masikio yao. Korongo liko kando ya mji wa Chinle, ndani ya ardhi ya Wanavajo, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani. Serikali ililitangaza kuwa hifadhi mwaka 1931, lakini ardhi ilibaki ya Wanavajo, na hadi leo zipo familia zenye nyumba na mashamba humo chini.

Jambo hilo ndilo linaloamua picha zako. Kule juu, kwenye kingo, unaendesha gari la kawaida juu ya lami, unasimama kwenye vituo vya kutazamia, na hulipi kiingilio. Kushuka chini ni habari nyingine: unakwenda na mwongozaji Mnavajo aliyeidhinishwa. Vitabu vya zamani vya wasafiri vitakuambia kwamba njia ya miguu ya kwenda gofu la White House unaweza kuishuka peke yako. Usiviamini. Njia ile imefungwa kwa miaka kadhaa, na anayepanga safari kwa kuitegemea ataishia kusimama kwenye kizuizi.

White House ndiyo picha ambayo kila mtu anaitaka. Ni nyumba zilizojengwa na mababu wa Wapueblo, wenyeji wengine wa asili, nyingine chini ya jabali na nyingine juu kwenye tundu la mwamba, na jina lake limetokana na lipu nyeupe iliyopakwa ukuta mmoja wa juu. Mpiga picha Timothy O'Sullivan aliipiga mwaka 1873, enzi za kamera za sanduku na sahani za kioo zilizopakwa dawa papo hapo. Ansel Adams akaipiga mwaka 1942, miaka 69 baadaye, karibu kutoka mahali palepale. Ziweke picha hizo mbili pamoja uone walichokikubali wote wawili: gofu ni dogo, na sehemu kubwa ya picha ni lile jabali lenye michirizi myeusi inayoteremka kama mvua. Wewe ukilivuta gofu hadi lijaze fremu, utakuwa umetupa nusu ya habari.

Ukiwa juu kwenye kingo, lenzi ya kawaida ya milimita 24-70 itakuonyesha gofu kama jino moja katika mdomo mpana. Anza na milimita 200. 400 ni bora zaidi. Adui wa lenzi ndefu jangwani ni joto: hewa iliyopata moto inacheza, na mistari ya kuta inatoka imelegea hata kama stendi yako ni imara na umelenga sawasawa. Hakuna programu ya kompyuta itakayorekebisha hilo. Suluhisho ni kwenda miezi ya baridi, au siku ambayo jua halijaikaanga ardhi. Kuhusu saa za mwanga, hifadhi yenyewe inashauri barabara ya kingo za kaskazini asubuhi, na ile ya kusini mchana kuelekea jioni. White House na Spider Rock, nguzo ya mwamba yenye urefu wa mita 240 hivi, zote unazitazama kutoka barabara ya kusini. Kwa hiyo usidamkie huko. Asubuhi nenda kaskazini, kwenye magofu ya Antelope House na Mummy Cave.

Ukishuka na mwongozaji mambo yanageuka: lenzi ndefu inarudi begini, na 24-70 inafanya kazi yote. Mwongozaji pia atakuambia kile usichoruhusiwa kupiga. Usimpige picha mkazi, wala nyumba yake, wala mifugo yake, bila kuomba ruhusa. Wanajeshi wa Kit Carson, kamanda wa jeshi la Marekani, waliingia humu mwaka 1864, wakachoma mashamba na kukata mipichi, na Wanavajo wakaswagwa kwa miguu hadi New Mexico. Waliorejea ndio mababu wa hao unaotaka kuwalenga na lenzi.

Na saa! Arizona haibadilishi saa kiangazi, lakini Wanavajo wanabadilisha. Kuanzia Machi hadi Novemba mwanzoni, Chinle iko saa moja mbele ya Phoenix. Ukimwahidi mwongozaji saa 3 asubuhi kwa saa ya Phoenix, utamkuta ameshaondoka na wageni wengine.

Chaco: unapiga picha ukiwa ndani ya nyumba

Chaco si korongo la kutisha. Ni bonde pana lenye kuta fupi, na mtu aliyetoka de Chelly anaweza kujiuliza kama kapotea njia. Kilichopo hapa ni majengo. Pueblo Bonito, gofu maarufu la hapa, ilianza kujengwa katikati ya karne ya 9 na iliendelea kukua kwa takriban miaka 300. Ilikuwa na vyumba zaidi ya 600, na sehemu nyingine zilifika ghorofa 4. UNESCO iliiweka Chaco kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987.

Hapa lenzi pana ndiyo mfalme. Picha maarufu ni ya milango iliyopangana, mlango ndani ya mlango ndani ya mlango. Shusha kamera hadi usawa wa kiuno au chini zaidi, maana milango yenyewe ni mifupi. Weka milimita 20 hivi, tundu la lenzi f/11, na ulenge mlango wa pili badala ya wa kwanza ili yote itoke kali. Ngoja watu wapite. Watapita tu, wageni huku ni wachache. Halafu panda njia ya Pueblo Alto, inayopenya kwenye ufa wa jabali nyuma ya gofu la Kin Kletso, uitazame Pueblo Bonito kutoka juu. Kutoka chini unaona kuta tu, lakini kule juu unaliona umbo zima la herufi D.

Wengi huja Chaco wakiwa na ndoto ya nyota juu ya magofu. Anga lake ni jeusi kweli, na limetambuliwa kimataifa kwa giza hilo tangu 2013. Lakini magofu yanafungwa jua linapozama. Nyota utazipiga ukiwa kambini Gallo, bila ile milango. Nimeona vijana wawili wakibishana na askari wa hifadhi kuhusu jambo hili mpaka giza likaingia na wakakosa vyote viwili.

Barabara ya mwisho, kilomita 21 hivi, ni ya vumbi na matuta madogomadogo, na mvua ikinyesha inakuwa sabuni. Humo ndani hakuna mafuta wala chakula.

Horseshoe: ukuta na wewe, basi

Sasa nije kwenye korongo ninalolipenda, na nakiri mapema kwamba mizani yangu imeinama.

Horseshoe Canyon ni kipande cha hifadhi ya Canyonlands kilichojitenga na hifadhi yenyewe, kiliongezwa mwaka 1971. Zamani liliitwa Barrier Canyon, na ndiyo maana wataalamu wanauita mtindo wa michoro yake kwa jina hilo. Mchoro mkuu unaitwa Great Gallery: ukuta wa karibu mita 60, umejaa watu wekundu wasio na mikono wala miguu, wanaopungua upana kuelekea chini kama mizimu iliyosimama foleni. Mrefu kuliko wote amepita mita 2. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliopima umri wa miamba iliyoporomoka na kuchukua sehemu ya michoro, uliweka kazi hii kati ya takriban mwaka 1 na 1100 baada ya Kristo. Kabla ya hapo wengi waliidhani ni ya kale zaidi.

Aliyefika kwenye michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, kule Tanzania, atashtuka kidogo. Wale watu wembamba warefu wa rangi nyekundu kwenye miamba ya kwetu hawana udugu wowote na hawa, lakini ugumu wa kuwapiga picha ni uleule: rangi ya udongo mwekundu juu ya jiwe jekundu, tofauti ni ndogo, na macho yanaona zaidi kuliko kamera.

Kufika kuna kazi. Kutoka Moab ni mwendo wa saa mbili na nusu. Ukitokea barabara kuu ya Utah namba 24, unakula vumbi kilomita 48. Ukitokea mji wa Green River, ni kilomita 76. Gari la kawaida hupita kukiwa kukavu, ila upepo huhamisha mchanga na kuuweka katikati ya njia. Soma mkataba wa gari la kukodi kabla ya kuondoka, maana mikataba mingi inakataza barabara za vumbi, na ikitokea pancha huku gharama ni yako peke yako. Mimi ilinitokea. Fundi niliyempigia nilipopata mtandao alinitajia bei nikadhani kakosea sifuri.

Kisha unatembea. Kwenda na kurudi ni kilomita 11, mteremko wa mita 240 mwanzoni (ambao wakati wa kurudi ni mlima, tena jua likiwa usoni), na sehemu kubwa ya njia ni mchanga. Hesabu saa 6. Maji hakuna juu kwenye maegesho, wala usitegemee utakayoyakuta chini. Kiwango kinachoshauriwa ni lita 4 kwa mtu kwa siku. Mtandao wa simu hakuna, kwa hiyo mwambie mtu unakokwenda na utakaporudi. Aron Ralston, kijana aliyenaswa na jiwe mwaka 2003 akajikata mkono baada ya siku tano, alinasia Bluejohn, korongo linaloingia hapahapa Horseshoe, na hakuwa amemwambia mtu. Familia kutoka Uholanzi iliyokuwa imekuja kutembea ndiyo iliyokutana naye.

Kwa sababu hiyo uzito wa begi ni hoja ya kamera pia. De Chelly unaweza kubeba duka zima, maana gari liko hatua ishirini nyuma yako. Horseshoe, kila gramu itakudai jasho. Mimi sasa nabeba mwili mmoja wa kamera, lenzi moja ya milimita 50, betri mbili na stendi nyepesi. Mara ya kwanza nilibeba lenzi nne. Tatu hazikutoka begini, na ile moja niliibadilisha kwenye upepo, mchanga ukaingia ndani ya kamera.

Namna ya kuupiga ule ukuta ndiyo sehemu inayowashinda wengi. Usisimame katikati ukazungusha kamera kushoto hadi kulia. Watu wa pembeni watatoka wadogo na waliopinda, kama ukuta umejikunja. Tembea sambamba na ukuta, umbali uleule, ukipiga picha za wima zinazopishana kwa theluthi moja. Hesabu ni rahisi: kwa lenzi ya 50 na kamera ya sensa kamili (full frame), ukiwa mita 10 kutoka ukutani, kila picha ya wima inachukua upana wa karibu mita 4.8 na kimo cha mita 7.2. Sogea hatua ya mita 3 na kitu, piga, sogea tena. Picha kama 20 zinamaliza mita 60. Ardhi haiko tambarare, kwa hiyo utafidia hapa na pale. Mwanga uweke kwa mkono na usiuguse mpaka mwisho, la sivyo kila kipande kitakuwa na wekundu wake.

Na mwanga wenyewe? Hapa ndipo nilipokosea vibaya. Nilifika mstari wa kivuli ukiwa unaukata ukuta katikati, nikapiga kwa pupa kwa sababu nilikuwa nimechoka. Nusu ya wale watu iliungua ikawa nyeupe, nusu ikazama gizani. Michoro ya rangi inataka ukuta mzima uwe kivulini au mzima uwe kwenye jua, na kivuli ni bora. Kaa, kunywa maji, ngoja jua lihame. Ile iliyochongwa kwenye mwamba inataka kinyume chake: jua la ubavuni, la chinichini, ili kila mchongo upate kivuli chake.

Rangi, na mambo usiyopaswa kufanya

Ukiwa kwenye kivuli cha korongo jekundu, mwanga unaokufikia umepiga jabali la ng'ambo kwanza, nao umekuja na wekundu wake. Kamera ikijipangia rangi yenyewe itahangaika. Piga picha ya kadi ya kijivu, ile ya kupimia rangi, mara moja mbele ya ukuta, hifadhi faili za RAW, yaani ghafi, rekebisha nyumbani. Pale ambapo mchoro umefifia hata macho hayauoni vizuri, kuna programu ya DStretch iliyotengenezwa na Jon Harman, inayozivuta rangi mbalimbali hadi mistari iliyojificha ijitokeze. Picha zake zinatoka na rangi za ajabu. Ni za kujifunzia, usizitundike ukutani ukasema ndivyo palivyo.

Katika makorongo yote matatu hurushi droni. Huduma ya hifadhi za taifa ilizipiga marufuku mwaka 2014, na tai wa Chaco wanashukuru. Usiguse rangi, mafuta ya vidole yanaiua polepole. Usimwagie maji ili "ing'ae", hiyo ni tabia ya zamani iliyoharibu michoro mingi. Usiumulike ukuta kwa tochi usiku. Tena, ukikutana njiani na mchoro mdogo usiotajwa kwenye ramani ya hifadhi, futa alama za mahali kwenye faili kabla ya kuirusha mtandaoni. Great Gallery inajulikana na dunia nzima, ule mdogo hauna mlinzi.

Nani aende wapi

Mwenye simu tu, bila kamera, nampeleka Chaco. Lenzi pana ya simu inafaa vyumbani na milangoni. Horseshoe pia simu inajitahidi, kwa sababu ukuta uko karibu. De Chelly itamsikitisha: atavuta kwa vidole mpaka White House iwe kama uji.

Mwenye wazazi wazee au watoto wadogo aende de Chelly, bila mjadala. Lami, vituo vya kupumzika, hoteli mjini, na picha nzuri hata usipotembea nusu kilomita. Kwa aliye Phoenix ni mwendo wa saa tano na zaidi kidogo.

Mwenye kupenda mistari, pembe na mawe yaliyopangwa, na ambaye hajali kulala hemani, ni Chaco.

Horseshoe namwachia mtu mwenye miguu, mwenye siku nzima ya kupoteza, anayekubali kurudi na picha moja. Nisingempeleka mtu huko kwa safari yake ya kwanza ya jangwa, wala Julai na Agosti kwa mtu yeyote. Joto linapita nyuzi 38, na mvua za ghafla za msimu huo huteremsha mafuriko korongoni hata kama juu yako anga ni jeupe. Aprili, Mei, mwisho wa Septemba na Oktoba ndiyo miezi yake.

Yote matatu kwa siku 4? Nilimwambia mdogo wangu hapana. Utaendesha gari mchana, yaani saa zilezile ambazo ungetakiwa kuwa umesimama unangoja kivuli.

Mwishowe amechagua de Chelly, wiki ya mwisho ya Oktoba, miti ya kandokando ya mto ikiwa imegeuka manjano humo chini. Ameazima lenzi ya 100-400 na ameshamlipa mwongozaji kwa siku moja. Mimi wiki hiyohiyo ninarudi Horseshoe na lenzi yangu moja. Safari hii nakwenda na kiti cha kukunja, nikae nacho mbele ya ukuta mpaka ule mstari wa kivuli umalize kupita.